Kurusha ndege mezani kwa umeme wa Lubumbashi

Kila anayekuja kwenye meza yangu ya ufundi hapa Kamalondo akitaka kompyuta ya kurushia ndege nyumbani huanza na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye skrini. "Fundi, niweke ipi?" Mimi humuuliza kwanza umeme wa kwao hukatika saa ngapi, ana batri ya ukubwa gani, na intaneti yake hununuliwa kwa giga au hulipiwa mwezi. Wengine huona nawazungusha. Siwazungushi. Nimekaa na simulata za ndege, yaani programu za kuigiza urushaji, muda wa kutosha kujua kwamba katika mji huu kadi ya grafiki ni swali la nne au la tano.

Nilianzia kwenye Flight Simulator X (FSX) ya Microsoft, ile iliyotoka Oktoba 2006. Kwetu ilifika imechelewa, na ilipofika ilitushangaza wote. Kompyuta mpya, iliyokuwa ikicheza michezo mingine yote bila kutoa jasho, ilipiga magoti mbele yake. Unapaa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, vizuri, ukigeuza bawa tu mji ukaingia kwenye kioo, picha inapata kigugumizi. Unaweka kadi bora zaidi, kigugumizi ni kilekile. Udadisi wangu ulianzia hapo, maana fundi hakereki na kitu kama kifaa ghali kisichobadilisha chochote.

Chanzo chake kiko kwenye historia. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, prosesa ziliongezeka kasi mwaka hadi mwaka, na waandishi wa programu walizoea kuandika leo wakitegemea kasi ya kesho. Pentium 4 ikafika gigahezi 3.8 mwaka 2004, na mwaka huohuo Intel ikafuta mpango wa kuuza ya gigahezi 4, kwa kuwa joto lilizidi faida. Tangu hapo prosesa zikawa zinaongezewa viini, yaani sehemu za kupigia hesabu, kuliko kasi. FSX iliandikwa katikati ya mabadiliko hayo, na kazi yake kubwa ilikaa kwenye kiini kimoja. Masahihisho ya mwaka 2007 yaliwapa viini wengine kazi ya kupakia mandhari, lakini mzigo mkuu ukabaki palepale. Aliyewahi kulala kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa ataelewa haraka: hata kukiwa na madirisha kumi, kama karatasi zote lazima zigongwe muhuri na mtu mmoja, foleni hutembea kwa mwendo wa mkono wake.

Na huyo mmoja ana kazi nyingi. Katika kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, anahesabu ndege ilipo, upepo, injini, geji, ndege nyingine zilizo jirani, kisha anaandaa orodha ya vitu vya kuchorwa. Kadi ya grafiki haichori mpaka ipewe orodha hiyo. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ina sehemu ya wasanidi ambayo ukiifungua inakuonyesha kinachochelewesha picha yako, na kwenye viwanja vikubwa mara nyingi huonyesha kwamba ni mstari mkuu wa kazi wa prosesa. Kadi ya dola mia nyingi imekaa inasubiri.

Kwa hiyo niliacha kusifia wastani wa fremu kwa sekunde. Fremu 30 maana yake kila picha ina milisekunde 33 za kuandaliwa; fremu 60 maana yake milisekunde 17 hivi. Mashine inayotoa 60, halafu ghafla fremu moja ikachukua milisekunde 120, jicho litauona ule mshtuko hata kama wastani ni mzuri. Nikiifungia mashine hiyohiyo isivuke 30, inabaki na nafasi ya kupumua kila mara na picha inatulia. Cessna, ndege ndogo ya propela, haigeuki kwa ghafla, na mtu anaweza kutua vizuri sana kwa fremu 30 zisizoyumba. Vijana hawapendi kusikia hivyo. Wanataka namba kubwa ya kupiga picha na kuwatumia wenzao.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu jambo hili hakuwa mtu wa kompyuta. Ni muzee mmoja wa Katuba, fundi mstaafu wa ndege, ambaye huja jioni kuketi nasi. Hagusi kibodi. Hukaa nyuma ya rubani, mikono juu ya magoti, akitazama geji kama bado analipwa kuzitazama. Siku moja tulikuwa na X-Plane 11, simulata nyingine, kwenye kompyuta yangu ya zamani, Cessna 172, kutoka Luano kwenda Kolwezi. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 240, na kwa noti 110, kipimo cha mwendo wa ndege, safari huchukua saa moja na dakika kumi hivi. Njiani Muzee akainua mkono wake wenye saa.

"Mwanangu, ndege yako inadanganya."

"Inadanganya nini, Muzee?"

"Saa ya ndani inasema tumeruka dakika arobaini. Yangu inakaribia saa nzima. Moja kati ya hizi haijui kazi."

Tukafungua namba za fremu: 14, 15, tena 14. Jibu lilikuwa hapo. X-Plane hukokotoa nguvu za hewa kwa kugawa bawa na propela katika vipande vidogo na kupiga hesabu ya kila kipande, na hesabu hiyo inafungamana na fremu. Fremu zikiwa chache mno, muda unaopita kati ya hesabu moja na inayofuata unakuwa mrefu, hesabu zinayumba, ndege inaweza kuanza kutetemeka bila sababu. Ili kuzuia hilo, fremu zikishuka chini ya 20 hivi kwa sekunde, programu hupunguza mwendo wa wakati wenyewe. Mafuta yalikuwa sahihi, umbali ulikuwa sahihi, kasi ilikuwa sahihi. Ulimwengu wote wa ndani ya skrini ulikuwa unakwenda polepole kuliko Lubumbashi.

Nilipomweleza alicheka mpaka akatoa miwani. "Basi humo ndani watu huzeeka taratibu. Niandikishe." Kisha akawa fundi tena: "Toa miti."

Tukatoa miti. Tukapunguza majengo, vivuli, mawingu mazito, maji yanayomeremeta. Fremu zikapanda mara mbili na zaidi, na saa mbili zikaanza kukubaliana. Nje ya dirisha Katanga ilikuwa kipara kitupu, barabara na rangi ya ardhi tu. Kijana aliyekuwa anarusha alinuna. Muzee akamwambia miti hairushi ndege, aendelee kushika kichwa cha ndege kilipo.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu jioni ile. Hesabu ya kuruka ni nyepesi kwa kompyuta. Hesabu ya kuona ndiyo nzito. Chukua Luano yenyewe: uko mita 1,309 juu ya usawa wa bahari. Oktoba, kabla mvua haijashika, joto likifika nyuzi 32, hewa inakuwa nyembamba kiasi kwamba bawa na injini hufanya kazi kana kwamba uwanja uko mita 2,200 hivi. Cessna iliyojaa inakimbia mbali kabla ya kunyanyuka, na ikinyanyuka inapanda kwa uvivu. Yote hayo mashine ya miaka kumi iliyopita inayakokotoa bila shida. Ila Luano ina njia ya kurukia ya zaidi ya mita 3,200, hivyo rubani wa mezani hahisi kitu, anaondoka akidhani dunia nzima ina lami ya namna hiyo. Ndiyo sababu Muzee huwapeleka Kavumu, uwanja wa Bukavu, uliopita mita 1,700 kwa mwinuko na wenye njia ya mita 2,000. Huko wanajifunza kwa nini mtu hupima uzito wa mizigo kabla ya kuwasha injini, na wanajifunza kwa picha mbaya kabisa.

Basi mtu akiwa na pesa, aziweke wapi? Kwa upande wa prosesa, kitu kilichonibadilisha mawazo kilikuja Aprili 2022, AMD ilipotoa Ryzen 7 5800X3D. Ndugu yake, 5800X, alikuwa na kashe kubwa, ile kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ya megabaiti 32; huyu akapewa 96, zilizopangwa ghorofani juu ya chipu. Kasi yake ya gigahezi ilikuwa chini kidogo kuliko ya ndugu yake, lakini kwenye simulata za ndege alimwacha mbali. Ule mstari mkuu wa kazi hutafuta vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika kwenye kumbukumbu, na kila safari ya kwenda kuvitafuta kwenye ramu ni ndefu mno ukilinganisha na kuvikuta kwenye kashe. Prosesa za X3D zilizofuata zimeendeleza njia ileile. Kwetu hapa uzuri wa ile ya 2022 ni kwamba inakaa kwenye bodi kuu za aina ya AM4, hata nyingi za zamani za 2017 zikisasishwa, na bodi hizo ndizo zinazotufikia zikiwa zimetumika, kutoka Dubai au kwa kupitia Zambia. Mteja habadilishi kompyuta nzima.

Halafu kuna umeme. Katanga ina mabwawa yake, Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke, na kuna ile laini ya umeme ya kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kama kilomita 1,700, iliyokamilika 1982. Lakini migodi inakula, mji unakua, na delestaji, ule mgao wa umeme, hatuihesabu tena kama habari. Anayerusha ndege hapa anarusha kwa ratiba ya umeme. Kukatika kwenyewe si kubaya kama kurudi: umeme unarudi kwa kishindo, voti zikipanda na kushuka, na huo ndio unaoua pawasaplai. Stabilaiza nzuri huja kabla ya ramu ya pili. Hilo nalisema hata kwa mteja ambaye ameshakasirika.

Ukija kwenye batri, hesabu inaumiza. Batri ya voti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Batri ya madini ya risasi usiikamue zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una 600. Kompyuta yangu ikiwa imefungiwa fremu 30, pamoja na skrini, inakula wati 180 hivi. Ni saa tatu na kitu, Lubumbashi hadi Kolwezi na kurudi. Sasa tazama kadi za juu: RTX 4090 imepangiwa wati 450, na RTX 5090, iliyotoka Januari 2025, wati 575. Hiyo ni kadi peke yake. Batri yangu haiwezi kuifikisha ndege hiyo Kolwezi. Kadi ya wati 120 au 170, tena iliyoshushwa kikomo cha umeme kidogo kwenye mipangilio, inapoteza fremu chache tu na inakuachia kuruka usiku ambao jirani wamewasha mshumaa. Wanaopima vifaa kule Ulaya na Marekani huweka mstari wa wati mwishoni mwa jedwali. Mimi huanza kusoma na huo.

Joto na vumbi ni ndugu. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, vumbi jekundu huingia kila mahali. Feni zikiziba, prosesa hujipunguza kasi yenyewe kuepuka kuungua, na mtu anakuja kulalamika kwamba simulata imeharibika. Brashi na upepo, imekwisha. Joistiki ndiyo huteseka zaidi. Za bei rahisi hutumia kipande kinachosugua kwenye njia ya kaboni, vumbi likiingia hapo ndege inaanza kuinamisha pua bila kuguswa. Zenye vihisi vya sumaku hazina cha kusugua, na kwa hali ya hapa zinastahili bei yake.

Yote hayo yana dawa. Jambo ambalo fundi wa Kamalondo hawezi kulitibu kwa bisibisi ni hili: simulata zimeanza kuhama kutoka kwenye diski yako. Ile ya 2020, iliyotengenezwa na Asobo Studio wa Bordeaux, Ufaransa, inategemea zaidi ya petabaiti mbili za ramani na picha zilizoko kwenye seva za Microsoft. Bado ilitaka gigabaiti 150 za diski, na iliuzwa hata kwa DVD kumi kwa wenye intaneti dhaifu. Ya 2024, iliyotoka tarehe 19 Novemba mwaka huo, ilipunguza mzigo wa diski hadi gigabaiti 50 hivi, na sehemu kubwa ya yaliyobaki, pamoja na ndege zenyewe, huja kwa waya unapoyahitaji. Siku ya kwanza seva zililemewa na watu wa nchi zenye intaneti bora kabisa walikaa wakitazama mstari wa kupakia. Wenyewe waliotengeneza walikiri hadharani.

Kasi iliyopendekezwa kwa ile ya 2024 ni megabiti 50 kwa sekunde. Ukiitumia kasi hiyo yote bila kupumzika, saa moja ni gigabaiti 22 na nusu. Haitumii yote muda wote, najua, na kuna akiba ya kuhifadhi kwenye diski yale maeneo uliyokwisha kuyapita. Lakini mtu anayenunua giga kwa simu akipiga hesabu hiyo hata kwa robo, anafunga kompyuta na kwenda kula bukari. Mei 2025 Starlink, intaneti ya satelaiti, ilipewa leseni ya kufanya kazi nchini, na wateja wangu wawili watatu wananiambia sasa mambo yatabadilika. Labda kwao. Dishi nalo linataka umeme, na linalipiwa kila mwezi hata mwezi ambao hukuruka.

Njia ya pili ipo na mimi niko humo. X-Plane huweka dunia kwenye diski, ikiwa imekatwa miraba ya digrii moja kwa digrii moja, kila mraba ukiitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Lubumbashi iko kwenye -12+027, yaani kona ya digrii 12 kusini na 27 mashariki. Safari yetu ya Kolwezi inagusa minne: huo, -12+026, ncha ya -11+026, na -11+025. Kuna programu ya bure, Ortho4XP, inayochukua picha za satelaiti na kukutengenezea mraba halisi. Inakula gigabaiti kadhaa kwa mraba, mara moja tu. Rafiki mwenye intaneti ya kazini huiacha ikipakua usiku, asubuhi analeta kwenye diski, na tangu hapo hakuna seva ya kuombwa ruhusa. Ukipaa Luano unaona mji wako wenyewe, na ile terrili, kilima cheusi cha mabaki ya madini cha kampuni ya Gécamines, pale inapopaswa kuwa. Kuna na FlightGear, simulata ya bure kabisa, iliyoanzishwa na wapenzi miaka ya 1996 na 1997. Sura yake haivutii wengi, ila inaruka kwenye mashine ambazo wengine wamezitupa. Na mlima na bonde katika hizi zote kwa sehemu kubwa ni zawadi ya chombo kimoja cha anga, Endeavour, kilichopima sura ya nchi kwa rada kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Katanga ilipimwa sawasawa na Texas. Huwa nafurahi nikilifikiria hilo.

Kuhusu fremu za kubuni, ambazo kadi mpya hutengeneza zenyewe kati ya fremu mbili za kweli, nilianza kwa dharau na sasa nazitumia. DLSS 3 ya Nvidia ilikuja 2022 kwa kadi za RTX 40 peke yake; FSR 3 ya AMD ikafuata 2023 na kufungua mlango kwa kadi nyingi zaidi. Zinapita pale hasa tunapokwama, kwa sababu fremu ya kubuni haimsubiri yule mgonga muhuri, kile kiini kimoja cha prosesa. Usukani haupati wepesi wowote, unaburuta kidogo hata. Kwenye ndege ya abiria hutagundua. Kwenye helikopta utaanguka. Na kipengele chao kingine, kile cha kuchora picha ndogo kisha kuikuza, hufanya tarakimu za geji za kisasa ziache mkia zinapobadilika. Muzee aliiona mara ya kwanza akauliza kwa nini namba zinamwaga wino.

Nikitabiri, wenye waya mnene watapata dunia inayopendeza kila mwaka zaidi, na kompyuta zao zitakuwa kama kioo tu cha mashine zilizo mbali. Upande wetu, prosesa yenye kashe kubwa, ramu ya gigabaiti 32, kadi isiyozidi wati 200 na diski pana vitaendelea kutosha kwa miaka. Vijana wawili wa hapa jirani wamechanga pesa za diski ya terabaiti mbili, iko njiani. Wao wanataka miraba yote hadi Kalemie, waone ziwa. Muzee anataka Kavumu ipangwe kwanza, na kwa kuwa meza ni yangu, Kavumu itapangwa kwanza.